Mambo Mengine Yakibaki Kama Yalivyo

Nakumbuka siku moja ya soko pale Runazi, Biharamulo, mwanangu, malori matatu yaliingia kabla umande haujakauka, yamekuja kununua maharage, na mimi nilikuwa nimewaambia watu wasiuze. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa uchumi, nasubiri matokeo. Katika kitongoji chetu hapakuwa na mwingine aliyefika darasa hilo. Watu waliniita msomi, nami niliitika.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi mjukuu wangu, anayesoma uchumi mwaka wa pili chuo kikuu, alikuja kunijulia hali hapa Nyamahanga. Nikamwuliza huko wanasemaje juu ya bei ya mafuta, maana nauli ya bodaboda imepanda na kila dereva ana sababu yake. Akanijibu kwa adabu, "Babu, mimi habari sifuatilii. Nina mitihani."

Sikumgombeza. Nimefundisha uchumi sekondari mpaka nikastaafu, na jibu hilo nimelisikia kwa vijana wengi, tena wale wazuri darasani. Lakini alipoondoka nilikaa nikaona heri niliandike hili, liwe lake, na liwe lako wewe pia uliyechagua somo hilo. Kuuliza si ujinga, na kuambiwa si kutukanwa.

Turudi Runazi.

Aliyenilea ni shangazi yangu Domitila, dada wa baba. Alikuwa mjane, analima mahindi, mihogo na maharage kama watu wote, na shule aliiacha darasa la pili. Kisubi, lugha yetu ya nyumbani, ndicho kilichokuwa kinywani mwake tangu utoto. Kiswahili alifundishwa na redio, kwa hiyo alikisema kama mtangazaji. Ukimwuliza kama kuna chumvi atakujibu, "Kwa mujibu wa taarifa nilizonazo, imekwisha." Ila neno lenyewe redio lilimshinda. Aliita ledio mpaka anaingia kaburini.

Redio hiyo, ambayo jirani zetu hawakuwa na nyingine, ilikuwa ya betri nne, imekaa juu ya kabati la vyombo, na jioni ikifika taarifa ya habari hakuna aliyeruhusiwa hata kukoroga uji kwa kelele. Baada ya taarifa majirani walipita mmojammoja, "Domitila, wamesemaje leo?" Naye alichambua: hili linatuhusu, hili ni la wakubwa, hili tungoje kesho tusikie kama watalirudia. Mimi nilikuwa naona ni mazoea ya wazee. Nilidhani uchumi uko ndani ya kitabu kikubwa cha Kiingereza nilichoazimwa na mwalimu wangu, na kwamba nikikimaliza nitakuwa nimeumaliza.

Maharage yalikuwa yametoka shambani. Ule mwaka ulikuwa mzuri, kila nyumba ina magunia. Ndipo binti yake shangazi, aliyeolewa Murukulazo kule Ngara, akajifungua, na shangazi akaitwa kwenda kumsaidia. Asubuhi ya safari alifunga kanga yake, akanionyesha redio kwa kidole.

"Mimi nakaa huko wiki mbili au zaidi. Hii usiiache. Kila jioni sikiliza, na wakija kuuliza waambie. Watu wanategemea."

"Nimesikia, shangazi."

Nilikuwa nimesikia kweli. Ila sikio halizidi kichwa, na kichwa changu kilikuwa kwingine. Jioni ya kwanza tu tochi yangu ya kusomea ilififia. Betri dukani zilikuwepo, na hela kidogo nilikuwa nayo, lakini niliona uvivu kutoka. Nikafungua mgongo wa redio, nikazitoa betri, nikazitia kwenye tochi, nikaendelea na sura yangu. Unajua ilikuwa inahusu nini? Masoko. Nimezima habari za soko ili nipate mwanga wa kusoma habari za masoko. Leo naweza kucheka kidogo.

Majirani walipokuja kuuliza, nikawaambia hakuna jipya. Siku ya tatu hawakuja tena.

Wiki ile malori yakaanza kuongezeka. Wanunuzi wetu walikuwa wanapitia njia ya Ngara kuyavusha maharage mpakani. Kwa kawaida lilikuja lori moja, wanapima, wanabishana bei, wanaondoka. Safari hii yakaja mawili, kisha matatu, na bei inapanda siku hadi siku bila hata mkulima kuomba. Wanunuzi walikuwa na haraka. Ukisema subiri ninywe chai, anakwenda nyumba ya pili.

Jumapili, baada ya ibada pale kigangoni, watu walinizunguka. Aliyeuliza ni Mzee Gervasi, jirani yetu wa karibu kabisa. Wazazi wake walikimbia Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, akakulia hapa, akaoa hapa, na hakuna aliyemshinda kwa maharage kitongojini. Alikuwa na binti, Konsolata, aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya mwezi mmoja na nusu, na ada ilikuwa imelala ndani ya magunia yale.

"Anselmi," akaniambia, "wewe ndiye umesoma mambo haya. Tuuze sasa, au tungoje?"

Mwanangu, neno "sijui" ni fupi kuliko yote, na kijana msomi hulimeza kama mfupa. Nilichukua kijiti nikachora ardhini mistari miwili inayokatana, mmoja wa mahitaji, mmoja wa ugavi. Nikawaeleza kwamba mavuno yakiwa mapya bidhaa ni nyingi na bei ni ndogo. Siku zikienda bidhaa hupungua, na bei hupanda. "Sasa hivi ni mavuno na bei tayari inapanda," nikasema. "Je, baada ya mwezi mmoja itakuwaje? Dalili ya mvua ni mawingu. Anayeuza leo anawatajirisha wenye malori."

Walitazama mistari yangu. Wengine waliniomba nirudie, nikarudia kwa raha. Mzee Gervasi akasema, "Basi tungoje." Nyumba kumi na moja zilifunga milango ya stoo kwa neno langu. Wanunuzi walipokuja siku ya soko na malori yao matatu, waliondoka nayo nusu matupu. Mmoja wao alinitazama kwa muda, nadhani kuna mtu alikuwa amemwonyesha kwamba huyu ndiye mshauri, kisha akatikisa kichwa akapanda lori. Hakuniambia kitu. Mfanyabiashara hana deni la kukufundisha.

Mwezi ukaisha. Siku ya soko iliyofuata hakuja lori hata moja. Nikasema labda limeharibika njiani. Wiki nyingine ikapita, kimya.

Shangazi alirudi mchana, ameshuka basi barabara kuu na kutembea na mzigo kichwani. Nilimkuta amekaa kibarazani anapanguza miguu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ledio ilisema nini?"

Nikainama nichukue mzigo wake. Akainuka, akaingia ndani, akaigeuza redio na kuona mgongo wake uko wazi. Akarudi akakaa palepale.

"Ilisema kila jioni kwa wiki mbili," akasema. "Huko Murukulazo hata watoto wa shule wanajua. Serikali ilitoa muda mpaka mwisho wa mwezi, kisha mazao ya chakula hayavuki mpakani hadi watakapotangaza tena. Nimekuja moyo umetulia nikijua nyumbani wameuza, maana nilimwacha mtu wa kusikiliza."

"Lakini bei ilikuwa inapanda, shangazi."

"Ilipanda. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ulimwuliza nani kitu gani kimeipandisha?"

Hapo nilipaswa kuomba radhi. Badala yake nilikwenda kuleta kitabu. Ujana una ugonjwa huo; mtu ameanguka shimoni bado anaonyesha ramani. Nikamfungulia ukurasa, nikamwambia kanuni imeandikwa hapa na ni ya kweli, dunia nzima wanaifundisha.

"Nisomee."

Nikamtafsiria: "Bidhaa ikipungua sokoni bei yake hupanda, mambo mengine yote yakibaki kama yalivyo."

"Rudia hapo mwisho."

"Mambo mengine yote yakibaki kama yalivyo."

"Na hayo mambo mengine, kitabu kinakuambia kama yamebaki?"

"Hapana."

"Basi nani anakuambia?"

 Shangazi alinyoosha mkono akakifunga kitabu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yenye mgonjwa.

"Kitabu chako hakikukosea, Anselmi. Kilikutuma ukasikilize. Wewe ukaishia katikati ya sentensi."

Nimesomeshwa na walimu wengi baada ya hapo, mwanangu, wengine wenye shahada nyingi, na hakuna aliyenifundisha uchumi kwa maneno machache kuliko mwanamke yule wa darasa la pili.

Hakuishia hapo. Aliniambia kesho yake niende nyumba kwa nyumba, zote kumi na moja. "Usiseme shangazi kasema. Sema wewe ulivyofanya." Nikaenda. Wengine walinigombeza, na mmoja alinifungia mlango. Hao niliwavumilia. Nyumba iliyonishinda ni ya Mzee Gervasi. Konsolata alikuwa ukumbini anashona sare yake kwa mkono, maana barua ya chuo ilitaja rangi ya kitambaa. Nilimweleza baba yake kila kitu, mpaka habari ya betri. Konsolata aliweka sindano chini, akakunja kile kitambaa vizuri, akatoka nje.

Mzee Gervasi alimtazama mpaka akapotea mlangoni. Kisha akasema, "Nimekusikia. Kaa unywe uji." Nikaunywa. Sijawahi kunywa uji mgumu kumeza kama ule.

Chuo kilifunguliwa Konsolata akiwa nyumbani. Maharage yalikuwa yamejaa kila mahali, hakuna wa kuyachukua, na fukusi wakaanza kazi yao. Ukiingiza mkono kwenye gunia unatoka na unga. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini shangazi alisema unaweza kuangalia yanaelekea wapi. Akanunua betri nne mpya, akanipa daftari. Kila jioni nilikaa mbele ya redio nikaandika, kisha nikamweleza kila habari inamgusa nani. Mwanzoni niliandika yale ya mpakani tu. Akaniuliza kwa nini mvua za mikoa mingine siziandiki. Nikasema hazituhusu. Akaniambia, "Huko wanakula nini?"

Basi nikawa naandika na mvua. Baada ya wiki kadhaa ikaja taarifa kwamba sehemu fulani za kanda ya ziwa jua limeunguza mashamba na chakula kimeanza kuwa adimu. Ikarudiwa siku ya pili. Siku ya tatu nilipanda baiskeli mpaka Biharamulo mjini nikawauliza madereva waliotoka upande wa Geita, kule kwenye machimbo. Wakasema ni kweli, mama lishe wanahangaikia maharage. Hapo ndipo nilipoamini. Redio ilinipa habari, lakini miguu yangu iliihakiki. Shika na hilo.

Niliporudi na wazo la kukodi lori kwa pamoja, watu walicheka. Walikuwa na haki. Nani ataumwa na nyoka mara mbili kwenye shimo lilelile? Mzee Gervasi ndiye aliyeinuka. Akasema, "Mimi nitatoa magunia yangu. Kijana huyu alikwisha kutukosesha mbele ya macho yetu. Safari hii ameangalia kila upande." Wakasita, kisha wakafuata sita. Wanne walikataa, nao siwalaumu.

Tulichambua maharage siku mbili nzima, mazima huku, yaliyobunguliwa kule. Shangazi hakukubali hata punje mbovu ipite, akisema mteja mpya humdanganyi siku ya kwanza. Nilisafiri na lori pamoja na Mzee Gervasi. Tuliuza yote kwa siku tatu. Haikuwa bei ya yale malori ya haraka, lakini watu walirudishiwa jasho lao, na zile nyumba nne zikauza zilichobaki safari ya pili. Njiani tukirudi, mzee aliniuliza swali moja tu: kama nadhani chuo kitampokea Konsolata akichelewa. Nikamwambia sijui, tukaulize. Neno lile lilikuwa limeanza kupita kooni.

Chuo hakikumpokea. Masomo yalikuwa yameenda mbali, wakamwambia arudi mwaka unaofuata. Akangoja, akaenda, akawa muuguzi hodari. Miaka mingi baadaye nilimpeleka mtoto wangu hospitali anaungua homa, nikamkuta zamu ni yake. Alimhudumia mtoto kwanza, kwa upole wote. Kisha nikamwambia jambo lile la zamani bado linanikaa rohoni.

"Nilikusamehe siku nyingi, kaka Anselmi," akasema huku anaandika kwenye kadi. "Ila kusahau sijasahau. Wenzangu wa mwaka ule walinitangulia darasa, wakanitangulia kazi, wakanitangulia na cheo. Mwaka mmoja hauishi, unatembea nao."

Ndiyo maana naandika, mwanangu. Mimi nilipata aibu, na aibu hupona. Mwaka uliopotea ulikuwa wa Konsolata. Mchumi akikosea, mara nyingi anayelipa ni mtu mwingine, ambaye hajawahi hata kukiona kitabu chake.

Kwa hiyo sikiliza. Somo lako limejaa ile sentensi, iwe imeandikwa au imefichwa. Kila mchoro unaouchora ubaoni unasema dunia isimame kidogo tuangalie kitu kimoja. Ni njia nzuri ya kujifunza, nami nimeifundisha maisha yangu yote. Lakini dunia haisimami. Mvua inakosekana, mpaka unafungwa, mafuta yanapanda kwa sababu ya vita ya watu usiowajua, shilingi inashuka, bajeti inasomwa bungeni na kodi ya kitu fulani inabadilika. Anayekueleza kwamba mambo mengine hayakubaki kama yalivyo ni taarifa ya habari. Ukiikosa utafaulu mtihani, na utawapotosha watu.

Usiniambie huna muda. Simu yako ina habari nyingi kuliko redio zote za Biharamulo za wakati ule, na matokeo ya mpira unayajua kabla refa hajapuliza filimbi. Tenga nusu saa kila siku. Kuwa na daftari, hata dogo, uandike habari moja na mada moja ya darasani inayoigusa. Leo umesoma mfumuko wa bei, kamwulize mama muuza unga gunia analinunua bei gani ukilinganisha na mwezi uliopita, kisha usome waliyosema wakubwa, uone kama wanazungumzia nchi moja. Wakipishana, hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Na uwe mwangalifu. Wazee walisema lisemwalo lipo, lakini wazee hao hawakuwa kwenye makundi ya simu. Siku hizi lisemwalo huenda limetungwa na mtu aliyelala kitandani. Habari moja itafute sehemu mbili tatu. Angalia ni ya lini, nani kasema, na nani anafaidika ukiiamini. Ukiweza, nenda ukaulize wanaotoka huko. Yule mnunuzi aliyenitikisia kichwa alikuwa anaijua habari niliyoikosa, na mwenye habari siku zote humnunua asiye nayo kwa bei anayotaka yeye.

La mwisho, usione haya kujifunza kwa asiyesoma. Mkulima wa Murukulazo, dereva wa lori, mama wa genge, hao wote wanafanya uchumi kila siku bila kuuita jina. Wakikuuliza nawe hujui, sema hujui, kisha katafute. Hiyo ndiyo heshima ya msomi.

Mungu akupe akili ya kusoma na subira ya kusikiliza. Akujalie ushauri wako ujaze stoo za watu na upeleke mabinti zao vyuoni kwa wakati. Popote utakapoajiriwa, wanyonge wa huko wafurahi kwamba wewe ulikwenda shule. Amina.